Unga wa Dada Kinasih

Kambi ya Wonojati, Bojonegoro
2 Julai 2018

Dada Kinasih,

Kwanza nakusalimu, pili naulizia mgongo wako. Hapa simu zetu zinafungiwa kwenye sanduku la mlinzi langoni kwa kuogopa gesi, na nje ya lango mtandao haupatikani mpaka upande kilima cha misaji. Kwa hiyo barua hii nampa Cak Gimun, dereva wa lori linaloleta magunia yako. Unisamehe mwandiko. Nimeiandika mara mbili, na hii ndiyo nakala nzuri.

Unga wako umefika salama, magunia yote makavu. Nimeyapanga ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta, kama ulivyoagiza. Kisha nikarudi kuyaangalia. Kisha nikarudi tena.

Kisima hiki cha mafuta ni kigumu, Dada. Hakishuki moja kwa moja. Kinaanzia nje ya kijiji, kinapinda chini ya makaburi na chini ya msitu wa misaji, na huko kwenye kona ndiko mabomba yanakolalia ukuta wa shimo na kusugua. Ukisimama karibu na mnara unayasikia yakilia kama ng'ombe anayeburutwa kwa kamba. Kila mtu hapa anaogopa jambo moja: bomba kunasa. Likinasa halitoki, na kisima kinazikwa pamoja nalo. Ndiyo maana tope la kuchimbia, lile linalozungushwa shimoni mchana kutwa, lazima liwe na utelezi. Mafuta ya kulainisha yanayotoka ng'ambo yamebaki kidogo sana. Sasa zamu ni ya unga wako.

Anayelipika tope hilo ni Pak Sarpan. Ni mzee wa Cepu, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko pampu. Mkuu wa kambi aliponitambulisha alisema, "Huyu ndiye karani wetu wa ghala, msomi kutoka Malang." Pak Sarpan akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Msomi? Mbona anatetemeka? Mtambo hata haujawashwa." Wote wakacheka. Nami nikacheka, ili nisionekane.

Kazi ya kuwaeleza wenzangu unga huu ni kitu gani na umetoka wapi, mkuu wa kambi ameniachia mimi. Anasema mimi na wao tunaelewana lugha. Wameupokea vizuri sana, Dada. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Jatmiko


Mtambo wa Majitaka, Surabaya
7 Julai 2018

Mdogo wangu Jatmiko,

Barua yako nimeisomea pale pale kwenye vitanda vya kukaushia, buti zangu zikiwa zimezama mpaka kifundoni. "Wameupokea vizuri sana." Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Walipiga makofi na glovu zao za mpira, na makofi ya mpira, mdogo wangu, yana sauti mbaya kuliko zote duniani. Nimeyapenda.

Unajua nimehangaika na kitu hiki tangu ukiwa bado shuleni. Kila mahali naeleza yale yale: mji ukishasafisha maji yake machafu, kinachobaki chini ni mashapo, na ndani ya mashapo kuna mafuta, na kuna utelezi wa vijidudu vilivyokula uchafu vikafa vimeshiba. Ukiyapika na magadi, ukayakausha kwa moto mkali, ukayasaga, unapata unga ambao ukiingia majini unateleza kama bamia. Watu hunisikiliza vizuri mpaka kwenye bamia. Halafu wanauliza, "Mashapo ya wapi?" Nikijibu, wanasogeza viti.

Na wewe, uliyekuwa unaogopa hata kumwita mwuza supu ya bakso aongeze mchuzi, umesimama mbele ya wachimbaji ukawaambia! Walisemaje? Niandikie kila neno. Nataka hata matusi.

Ofisi yangu imesema wazi. Kisima chenu kikifika mwisho kwa unga huu, watatujengea uwanja mkubwa wa kukaushia. Kisipofika, au wachimbaji wakiukataa, jiko langu linafungwa na mashapo yanarudi kwenda jalalani. Sikuambii ili uogope zaidi. Nakuambia kwa sababu umeshavuka mahali pagumu, nami naweza kupumua.

Wakumbushe kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na wabadilishe nguo za kazi kabla ya kuswali. Lakini hilo hawahitaji kukumbushwa, maana wanajua kilichomo.

Nakutumia petis, ule mchuzi mzito wa uduvi, chupa moja. Usimpe Cak Gimun aifungue njiani.

Dada yako,
Kinasih


Kambi ya Wonojati
14 Julai 2018

Dada,

Nianze na habari njema, kwa kuwa zipo, na nyingi.

Mabomba yameacha kulia. Tangu Pak Sarpan amwage gunia la kwanza, mtambo unazunguka kwa nguvu nusu ya ile ya zamani. Mas Tohir, anayeshika usukani wa mtambo, jana alitoka kibandani kwake akipunga kofia. "Linazunguka kama kijiko kwenye kahawa!" alipiga kelele. "Nani kaupika huu unga? Ameolewa?" Nikasema ni dada yangu. Tangu hapo hawauiti tena kilainishi K-1 kama ilivyoandikwa kwenye gunia. Wanauita unga wa Dada. "Karani, lete unga wa Dada!" Nasikia fahari mpaka nashindwa kula.

Sasa nieleze kwa nini hasa nashindwa kula.

Sikuwaambia.

Niliandaa maneno, Dada. Niliyakariri. Siku ile ya kwanza nilisimama karibu na tangi la tope, nikasafisha koo, na Pak Sarpan akasema, "Haya, msomi, unga wa nini huu?" Nikasema, "Ni unga wa vitu vya asili, mzee, kutoka Surabaya." Akauliza, "Asili ipi?" Kabla sijajibu alikuwa ameshaumwaga, tope limezunguka, naye akachovya kidole akakitia mdomoni.

Wapika tope wa zamani hufanya hivyo. Wanaonja ili kujua chumvi. Akalamba, akafumba macho, akasema, "Chumvi bado." Nilishika nguzo. Maneno yote yaliondoka. Na ukishanyamaza mbele ya mtu aliyekwisha kuonja, Dada, utamwambiaje kesho, naye kesho anaonja tena?

Cak Gimun naye ananisihi nikae kimya. Kwenye vibanda vyote vya chakula njiani anawaambia watu amebeba kahawa, maana siku moja alisema ukweli wakamnyima kiti.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Tunakaribia kuingia sehemu ya mwisho ya kisima, na kabla ya hapo wanafanya selamatan, karamu ya dua. Watu wa hapa, kitu kikiwafanyia kazi vizuri, hukipa jina kwa dua, kwa uji mwekundu na uji mweupe. Pampu kubwa inaitwa Mnene, ilipewa jina hivyo hivyo. Wamekata shauri kuupa jina unga wako. Utawekwa kwenye jani la mgomba pembeni ya mlima wa wali, kama mgeni wa heshima, halafu wote watakula kwa mikono. Na wanaswali na ovaroli zilezile zilizorukiwa na tope. Kila nikisikia "Allahu akbar" kutoka kile chumba kidogo, mimi ndiye ninayeanguka.

Karamu ni Jumamosi ijayo. Nikisema, watautupa unga na jiko lako litafungwa. Niambie nifanye nini.

Jatmiko


Surabaya
17 Julai 2018

Jatmiko,

Cak Gimun anangoja na injini inanguruma, kwa hiyo naandika haraka.

Uwaambie. Kabla ya karamu. Usiniulize tena.

Unadhani nimekaa miaka yote hii nikisema ukweli kwa watu wanaosogeza viti ili mwishowe nifanikiwe kwa sababu mdogo wangu alinyamaza? Watu wanaswali na kitu wasichokijua! Mzee wa watu anaramba! Unga nimeupika ukapikika, vijidudu vyote vimekufa, lakini si wa kuliwa, hata kwa kidole. Mimi mwenyewe sigusi kikombe kabla sijaoga.

Kama wakiutupa, watupe. Nitalia siku moja, kisha nitatafuta kazi ya kufundisha kemia. Lakini watu hao wakiutumia, wautumie wakijua. Usipowaambia, nitapanda lori hili nije niwaambie mwenyewe, nami nitawaambia pia kwamba ulikuwa unakojoa kitandani mpaka darasa la nne.

Na Cak Gimun nimemwambia naye aache habari za kahawa. Ananiangalia kama nimemfukuza kazi.

Nakupenda. Nenda kaseme.

Kinasih


Kambi ya Wonojati
22 Julai 2018

Dada,

Nimesema.

Nilijaribu mapema. Alhamisi nilimfuata Pak Sarpan hadi kwenye tangi, akaniambia, "Usisimame hapo, utaanguka." Ijumaa nilimfuata akitoka msikitini, nikamwuliza habari za wajukuu zake. Akanieleza za wote. Jumamosi mkeka ulishatandikwa, mlima wa wali wa manjano uko katikati, tempe ya soya, mayai, kuku wa kuchoma, uji mwekundu na mweupe, na kwenye jani la pembeni mfuko mdogo wa unga wako umefungwa kwa utepe. Kiai Badrun, imamu wa kijiji, alikuwa ameinua mikono.

"Subirini!" nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Unga huu haufai kukaa hapa. Umetokana na mavi."

Mikono ya Kiai ilibaki juu.

Pak Sarpan akauliza polepole, "Mavi ya nini? Ng'ombe?"

"Ya watu, mzee."

"Watu gani?"

"Wa Surabaya."

"Surabaya nzima?"

"Ile mitaa iliyounganishwa na mabomba ya majitaka." Nilijibu hivyo, Dada. Hata saa ile nilitaka kuwa sahihi.

Mas Tohir akainamia mbele. "Kwa hiyo na matajiri wamo?"

"Ndio wengi. Ndio wenye mabomba."

Aliyeanza kucheka ni Yu Tumirah, mpishi. Alicheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa mchele. "Kila siku mnalalamika sambal yangu ya pilipili ina mchanga," alisema akijifuta machozi, "kumbe huyu mzee anajilia Surabaya!" Hapo mkeka wote ukalipuka. Mtu alimwangukia mwenzake. Kiai mwenyewe alishusha mikono akaficha uso kwenye kilemba.

Pak Sarpan hakucheka. Aliondoka akaenda kwenye bomba la maji, na karamu nzima ikakaa ikisikiliza mzee akisukutua. Alisukutua muda mrefu. Kila tulipodhani amemaliza, alianza tena.

Niliwaeleza yote, ulivyopika, ulivyokausha, kwamba si wa kuonja. Nikawaambia nilijua tangu siku ya kwanza nikanyamaza. Wakamgeukia Kiai. Mas Tohir akauliza, "Na sala zetu?"

"Mliswali hamjui, hamna dhambi," akasema Kiai. "Lakini sasa mmejua. Zirudieni mnazozikumbuka, mlale vizuri."

"Na tope likituangukia kazini kesho?"

"Mkitia samadi kwenye tumbaku zenu, huwa mnafanyaje?"

"Tunaoga."

"Basi ogeni. Najisi ni ya kuosha. Haina meno." Kisha akautazama ule mfuko. "Umefungwa, haujagusa wali. Mwondoeni mgeni, tule, wali unapoa."

Wakala, Dada. Wakala na kutaniana mpaka sufuria zikalia. Mimi nimehukumiwa kufua ovaroli zote za kambi, na Yu Tumirah anahakikisha nasugua kola. Sijawahi kufurahia kufua hivi. Usiku nililala kama jiwe.

Ila mtambo umesimama. Mas Tohir anasema hakuna gunia litakalofunguliwa mpaka Pak Sarpan aseme, na Pak Sarpan hasemi nami. Amepita karibu yangu mara kadhaa asubuhi hii kama mtu anayepita karibu na ndoo. Bomba liko shimoni, limetulia, na bomba halipendi kutulia. Nimeomba msamaha. Akajibu, "Nitaandika mwenyewe kwa dada yako."

Sijui ataandika nini. Nimempa karatasi nzuri.

Jatmiko


Kambi ya Wonojati
23 Julai 2018

Kwa Bi Kinasih,

Mimi ndiye Sarpan. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu miwani yangu ilibaki kwenye mfuko wa ovaroli, na ovaroli inafuliwa na ndugu yako.

Hasira yangu si mavi. Nimelima, nimefuga, nimelea watoto watano na sasa wajukuu wananijia mimi niwatawaze. Mavi na mimi tunajuana. Hasira yangu ni kwamba mtu alinitazama nikionja akanyamaza. Nimemwambia hivyo usoni kwake jana jioni. Nilidhani atakimbia. Lakini alisimama mpaka nikamaliza, na nilichelewa kumaliza makusudi.

Halafu nikafikiri. Nimepika tope tangu nina meno yote. Nimeonja vitu kutoka nchi ambazo siwezi kuzitamka. Kwenye magunia kuna namba na picha ya simba au nyota, na hakuna hata siku moja mtu aliyesimama akaniambia, mzee, ndani mna hiki. Huyu kifaranga wako ndiye wa kwanza. Amechelewa, lakini ndiye wa kwanza.

Leo asubuhi nililainisha kwa yale mafuta yetu ya zamani yaliyobaki. Tohir akawasha. Bomba likalia kama siku zile, mtambo ukatetemeka, wote wakanigeukia mimi. Nikamwita ndugu yako: "Lete gunia. Na sabuni." Alikimbia akaangusha kofia, hakurudi kuiokota.

Lakini sikiliza. Kwanza, usiandike K-1. K-1 ni nini? Andika kilichomo, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani anasoma. Nataka pia maji na sabuni pembeni ya tangi, na chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kuswali. Mkuu wa kambi alianza kusema habari za bajeti nikamwambia mimi sina bajeti, nina imani, na wachimbaji wako nyuma yangu. Seremala anapima mbao sasa hivi.

Chumvi sasa napima kwa kichupa na dawa ya kudondosha, kama mkemia. Inachelewesha. Naichukia.

Jina hatukuupa. Kiai anasema najisi haisomewi dua ya jina. Tumirah anasema basi libaki lile lile, unga wa Dada. Kama unaona tunakudharau, tuambie, tutaacha. Ila itakuwa vigumu, watu wameshazoea.

Leta magunia. Bado kuna mwamba mrefu mbele yetu.

Sarpan


Mtambo wa Majitaka, Surabaya
26 Agosti 2018

Mdogo wangu,

Nimerudi salama kutoka kwenu. Tumbo langu bado limejaa ile karamu ya kumaliza kisima, na sauti yangu haijarudi tangu nilipopiga kelele bomba la mwisho lilipotoka shimoni limenyooka, safi, linateleza. Mwambie Pak Sarpan nimemwona akijifuta macho, na kwamba kusingizia moshi wa kuku hakutoshi, kuku alikuwa ameshaliwa.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana.

Ofisi ilileta ruhusa ya uwanja wa kukaushia. Nilijua itakuja, kisima kimefika, haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kilichokuja pamoja nayo. Kambi ya pili, ile ya upande wa mto, imeomba unga. Waliandika hivi, nanukuu: "Ule unaotokana na majitaka ya Surabaya." Si K-1. Si kilainishi. Wameuomba kwa jina lake lote, Jatmiko. Wanajua, na wanautaka. Nilisoma mara nyingi mpaka karatasi ikalowa, na si kwa mashapo.

Magunia mapya yameshachapwa. UNGA WA DADA KINASIH. UMETOKANA NA MASHAPO YA MAJITAKA. HAULIWI. NAWA. Cak Gimun ameacha turubai wazi makusudi. Anasema kibanda kimoja wamemnyima kiti na kingine wamemwongezea wali wakitaka kusikia hadithi yote, kwa hiyo hajapata hasara.

Pak Sarpan anataka uende wewe ukawaeleze watu wa kambi ya pili, siku ya kwanza, kabla gunia halijafunguliwa. Nimekubali kwa niaba yako. Najua utaogopa. Nenda ukiogopa hivyo hivyo.

Na kuna hili, nilihifadhi la mwisho. Hapa kuna kijana anaitwa Bagyo, anaendesha pampu ya mashapo. Alimwoa binti wa Gresik, mji wa jirani, mwaka juzi, na kwa wakwe zake alisema anafanya kazi kwenye maji safi ya kunywa. Akienda kule huvaa shati jeupe na kujimiminia manukato mpaka kuku wanapiga chafya. Basi jana nilipowasomea wenzangu barua ya kambi ya pili, watu walipiga makofi yao ya mpira, ila Bagyo aliichukua barua akaisoma mwenyewe. Kisha akavua glovu, akachukua simu, akampigia mama mkwe wake mbele yetu sote, akaiweka sauti ya juu kwa kubonyeza kitufe kisicho.

"Mama," alisema, "naomba radhi. Mimi sifanyi kazi ya maji safi. Nafanya kazi ya maji machafu. Mavi, Mama. Ya mji mzima."

Tukasikia jogoo wa Gresik.

"Mwanangu," mama akasema, "tunajua tangu siku ya posa. Unadhani hapa hatuna pua? Baba yako mkwe anauliza: ule unga wa kwenye habari, unaochimbia mafuta, ni nyie?"

"Ni sisi, Mama."

"Basi njoo Jumapili. Amewaambia majirani wote, wamekataa kuamini. Na uje na nguo zako za kazi."

Bagyo aliketi chini kwenye matope na buti zake. Nami nikaketi pembeni yake, kwa kuwa kicheko kilinizidi.

Dada yako,
Kinasih